Benefiti na nyumba za kaunsili Uingereza: tunamsema mpangaji, pesa ya pango inaishia kwa nani?

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Kila bajeti ya Uingereza ikikaribia, mjadala ni uleule: kuna watu wanakula benefiti, yaani posho za serikali, wanapewa nyumba, na mzigo unabebwa na wanaoamka alfajiri. Nausikia redioni, nausikia ndani ya basi, na nausikia sana kwetu sisi Waswahili tunaoishi huku. Siwalaumu wanaosema hivyo. Mtu umetoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mgongo unauma, hati ya mshahara inaonyesha ulivyokatwa kodi, halafu unamkuta jirani ndiyo kwanza anafungua mapazia. Moyo lazima uulize.

Kazi yangu ni ukalimani. Kwa miaka mingi nimekaa kiti cha katikati, ofisa wa nyumba upande huu, mtu wetu upande ule, nikitafsiri maombi ya nyumba, barua za deni la pango na rufaa za benefiti. Siku moja nilikwenda na mama mmoja kwenye shauri la deni. Alikuwa amepanga ghorofa ya tatu ya jengo la zamani la kaunsili, yaani halmashauri ya mji. Flati ya mlango wa kushoto bado ni ya kaunsili. Yake, ya mlango wa kulia, iliuzwa zamani kwa aliyekuwa mpangaji, ikauzwa tena, na sasa ni mali ya mtu binafsi. Vyumba vilevile, madirisha yaleyale, ngazi ileile. Pango lake lilikuwa zaidi ya mara mbili ya la jirani. Jirani alilipa kwa mshahara wake, hakuomba senti. Mama huyu naye alikuwa kazini, anasafisha maofisi, ila mshahara haukutosha, kwa hiyo serikali ilimjazia, na bado pengo likabaki. Pengo hilo ndilo deni lililotufikisha pale.

Nilikuwa nazitamka tarakimu moja baada ya nyingine, kwanza kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, na katikati ya kuzitamka ndipo nikaelewa ninachokisema. Kwenye takwimu za serikali, anayepokea benefiti ni huyu mama. Lakini pesa yenyewe inaingia asubuhi, jioni imeshahamia kwa mwenye nyumba. Jengo lilijengwa kwa fedha za umma, likauzwa kwa punguzo lililobebwa na umma, na sasa umma huohuo unalipia pango lake kila mwezi. Anayesemwa vibaya ni mfanya usafi.

Turudi nyuma kidogo, maana bila historia tutabishana hewani.

Nyumba za kaunsili hazikuanza kama hisani kwa wasio na kazi. Boundary Estate, mashariki mwa London, ilifunguliwa mwaka 1900 mahali palipobomolewa mtaa duni wa Old Nichol, na waliopangishwa zaidi walikuwa mafundi na watu wenye vipato vya uhakika. Waliobomolewa, wengi wao, hawakurudi kuishi pale. Sheria ya 1919, ile inayoitwa kwa jina la waziri Christopher Addison, ndiyo iliyozibebesha halmashauri wajibu wa kujenga, wakati askari wanarudi kutoka vitani wakiwa wameahidiwa nyumba. Baada ya vita ya pili ya dunia Aneurin Bevan, huyuhuyu aliyeanzisha huduma ya afya ya taifa, alikuwa pia na dhamana ya nyumba, na alitaka daktari, muuza nyama na kibarua wa shamba waishi mtaa mmoja. Na msidhani ilikuwa kazi ya chama kimoja. Harold Macmillan wa Conservative alipewa lengo la nyumba 300,000 kwa mwaka, na 1953 akalifikia, nyingi zikiwa za kaunsili. Mwisho wa miaka ya 1970 karibu kaya moja kati ya tatu ilikuwa inaishi kwenye nyumba ya kaunsili.

Ikaja sheria ya 1980 ya serikali ya Margaret Thatcher, Haki ya Kununua. Mpangaji anauziwa nyumba anayokaa kwa punguzo lililoanzia theluthi ya bei, na kwa flati baadaye likafika hadi asilimia 70. England peke yake zimeuzwa takriban milioni 2. Kisha sheria ya 1988 ikaondoa udhibiti wa pango kwenye mikataba mipya ya watu binafsi. Mwaka 1991 waziri wa nyumba, George Young, aliliambia Bunge kwamba kama watu hawatamudu pango la bei ya soko, posho ya nyumba ndiyo itakayobeba mzigo. Alitamka waziwazi, iko kwenye kumbukumbu za Bunge.

Na ikawa hivyo. Mwaka 1975 zaidi ya asilimia 80 ya fedha za umma za makazi zilikwenda kwenye kujenga na kuendesha nyumba. Kufikia 2000 zaidi ya asilimia 85 zilikuwa zinakwenda kwenye kuwasaidia watu kulipa pango. Someni tena tarakimu hizo mbili. Mwisho wa miaka ya 1990 halmashauri zote kwa pamoja zilikuwa zinajenga nyumba mia chache tu kwa mwaka. Leo msaada wa pango, ukijumlisha posho ya zamani na sehemu ya nyumba iliyo ndani ya Universal Credit (benefiti kuu ya siku hizi), ni takriban pauni bilioni 30 kila mwaka.

Hoja yangu ni moja. Serikali haikuacha kugharimia makazi. Ilihamisha pesa kutoka kwenye tofali kwenda kwenye pango, na tofali ukishalipia ni lako, pango ukishalipa mwezi ujao unalipa tena. Tukitaka kukasirika kuhusu gharama za benefiti, na tuna haki ya kukasirika, hasira ianzie hapo.

Karibuni tujadili. Matusi sijibu.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, historia umeieleza vizuri na nimejifunza. Lakini umekwepa kitu. Mimi ninafanya kazi saa 48 kwa wiki kwenye ghala. Nimehamia mbali na mji kwa sababu London siiwezi. Natumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Sasa niambie kwa nini mtu asiyefanya kazi abaki katikati ya mji kwa kodi yangu, mimi nihame? Hilo si suala la 1980, ni la leo asubuhi. Ndiyo maana mimi niliunga mkono ukomo wa benefiti, na bado nauunga mkono. Lazima kuwe na mahali serikali inasema basi.

Mleta uzi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Ukomo ulianza 2013 kwa pauni 26,000 kwa mwaka kwa familia. 2016 ukashushwa hadi 23,000 London na 20,000 kwingine. Ukakaa hapohapo hadi 2023, ulipopandishwa kuwa 25,323 na 22,020. Ukisikia "pauni 25,000 bila kufanya kazi" unaona ni nyingi. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipoanza kuzipitia barua zenyewe. Kwa familia ya London pango peke yake linaweza kumeza zaidi ya nusu. Kwa hiyo kaya nyingi zinazogonga ukomo huo zinaugonga kwa sababu ya pango, na pango halipangwi na mpokeaji.

Na kuna breki nyingine ambayo haisemwi. Kwa anayepanga kwa mtu binafsi, serikali haimlipii pango lolote analotaja. Kuna kiwango cha eneo. Hadi 2011 kilihesabiwa kwenye nusu ya chini ya mapango ya eneo husika, kisha kikashushwa hadi asilimia 30 ya chini. Halafu kikagandishwa 2016 hadi 2020, kikagandishwa tena hadi 2024, kikarekebishwa Aprili mwaka huo, na kikagandishwa tena. Wakati huo wote mapango yanapanda. Anayelijaza pengo ni mama yule, kwa pesa ya chakula.

Kuhusu kutofanya kazi: takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopokea Universal Credit ana kazi. Wengi wa waliobaki ni wagonjwa, au wanalea watoto wachanga, au wanauguza. Fungu kubwa kuliko yote katika matumizi ya benefiti ni pensheni ya serikali, na hilo husikii mtu akiliita uvivu. Wala halipaswi kuitwa hivyo.

Pale nilipo pamoja nawe ni kwenye motisha ya kazi. Anayeanza kupata mshahara hupunguziwa Universal Credit senti 55 kwa kila pauni, baada ya kile kiasi kidogo ambacho baadhi ya watu wanaruhusiwa kubaki nacho. Kabla ya mwisho wa 2021 zilikuwa 63. Weka kodi ya mapato juu yake, weka nauli, weka malipo ya kulelewa mtoto. Nimemtafsiria baba aliyepewa saa za ziada akakaa na kalamu akipiga hesabu iwapo azikubali. Mfumo unaomfanya mtu ahesabu hivyo una kasoro. Lakini angalia: jirani wa mlango wa kushoto, mwenye pango la kaunsili, kila saa ya ziada anayofanya inaingia mfukoni mwake, kwa sababu haombi msaada wa pango. Pango la chini ndilo linaloipa kazi thamani.

Na wewe unayesafiri saa tatu kwa siku, ulihamishwa na bei ileile.

Mchangiaji wa 2

Naomba niseme kuhusu Haki ya Kununua, maana kila uzi wa aina hii unaisema kama dhambi. Wazazi wa mume wangu walinunua flati yao ya kaunsili. Mzee alikuwa fundi wa reli, mama mpishi wa shule. Ile ndiyo mali pekee waliyowahi kumiliki maishani mwao. Walipaka mlango rangi waliyoitaka wenyewe, mama mkwe alilisema hilo mpaka anaingia kaburini. Watoto walisoma, mmoja akakopa kwa dhamana ya nyumba ile akafungua karakana. Mkuu, unataka kusema watu wale walikosea? Mtu maskini hana haki ya kumiliki?

Mleta uzi

Dada, hawakukosea, na sitaki mtu yeyote asome hivyo. Ningekuwa mimi ningenunua siku ya kwanza.

Kosa liko kwenye pesa iliyopatikana. Halmashauri hazikuruhusiwa kuchukua mapato ya mauzo na kujenga nyumba nyingine kwa idadi ileile. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mapato ilitakiwa ilipe madeni. Ukiuza ng'ombe mmoja ukanunua ndama, zizi linaendelea. Ukiuza ng'ombe kila mwaka na hununui, siku moja unaamka zizi tupu, halafu unawakasirikia watoto kwa kuomba maziwa.

Na kizazi cha pili cha mauzo hakikuwa kama cha wakwe zako. London, zaidi ya asilimia 40 ya flati zilizouzwa kwa mpango huo sasa zinapangishwa na watu binafsi. Ndoto ilikuwa taifa la wenye nyumba. Scotland wameufunga mpango huo tangu 2016, Wales tangu 2019. England bado upo, ila Novemba 2024 punguzo lilishushwa sana, sasa ni kati ya pauni 16,000 na 38,000 kutegemea eneo.

Mchangiaji wa 3

Tuseme ukweli. Kuna wageni wanashuka na ndege wiki hii, wiki ijayo wana nyumba ya kaunsili. Wazaliwa wapo kwenye foleni miaka kumi. Nani asikasirike?

Mchangiaji wa 4

Kaka, mimi ni huyo mgeni, acha nikujibu mimi mwenyewe.

Niko kwenye viza ya kazi. Masharti ya viza yangu yanasema sina ruhusa ya kutumia fedha za umma. Maana yake: hakuna Universal Credit, hakuna posho ya nyumba, hakuna kuingia kwenye foleni ya kaunsili. Nalipa kodi sawa na wewe. Mume wangu alipougua, tulikuwa na mshahara mmoja, watoto wawili, chumba kimoja na sebule. Nilikwenda kuuliza kama kuna msaada wa pango. Aliyenihudumia alisoma viza yangu, akasikitika kwa dhati, akaniambia hana la kufanya. Sikumlaumu.

Wanaoomba hifadhi nao hawachukui nyumba ya kaunsili. Wanawekwa na wizara ya mambo ya ndani, mahali wasipochagua, mara nyingi vyumba vya hoteli, nje kabisa ya ile foleni. Akishakubaliwa kuwa mkimbizi ndipo anaweza kuomba kama wengine, kwa vigezo vilevile.

Nakasirika na foleni kama wewe. Lakini mimi simo humo.

Mleta uzi

Asante sana dada kwa kujitokeza. Najua si rahisi kuandika hayo mbele ya watu.

Niongeze kidogo tu. Foleni ya England ina kaya zaidi ya milioni 1.3, na nyumba zote za kijamii, za kaunsili na za mashirika ya nyumba yasiyotafuta faida, ni takriban milioni 4, nyingi tayari zina watu ambao hawaendi popote. Hata ukimwondoa kila mgeni kwenye karatasi, hizo nyumba milioni 2 zilizouzwa hazirudi. Tumefanywa tugombanie kiti kimoja, na wakati tunasukumana hakuna anayeuliza seremala yuko wapi.

Mchangiaji wa 5

Shikamooni. Mimi si mtu wa kuandika sana ila nimesoma nikaona niseme yangu.

Nakaa nyumba ya shirika la nyumba, vyumba viwili. Mume amefariki, kijana wangu ameondoka kwenda chuo kisha kazi. 2013 ikaja barua kwamba nina chumba kimoja zaidi, kwa hiyo posho yangu ya nyumba inakatwa kiasi cha asilimia 14 ya pango. Vingekuwa viwili ingekuwa 25. Sikuwa nimefika umri wa pensheni, waliofika hawakuguswa. Nikasema sawa, nipeni chumba kimoja nihame. Wakaniambia vya chumba kimoja havipo, nijiandikishe nisubiri. Nikajiandikisha. Nikasubiri huku nakatwa.

Kile chumba wanachokiita cha ziada ndimo mume wangu alimokuwa amelazwa miezi yake ya mwisho. Nisingesikitika kukiacha kama kungekuwa na mlango wa kwenda. Kukatwa kwa sababu ya kukosa mahali pa kwenda, hilo sijalielewa hadi leo.

Mchangiaji wa 1

Mama, marahaba haitoshi, ni mimi wa kukusalimu. Shikamoo. Hili sikuwa nalijua. Niliambiwa ile sheria ni ya watu wenye majumba makubwa wasiotaka kuhama.

Mleta uzi

Shikamoo mama, na pole kwa msiba, hata kama ni wa zamani.

Sera hiyo ilianza Aprili 2013, na watu wakaipa jina la kodi ya chumba. Ilidaiwa kwamba itawafanya watu wahame waachie nafasi. Lakini nyumba ndogo hazikuwepo za kutosha, kwa sababu halmashauri zilijengea familia. Scotland serikali yao iliamua kufidia makato hayo kwa fedha zake. 2016 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wanandoa wasioweza kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wao walikuwa wamebaguliwa na kanuni zile. Ilichukua miaka ya mashauri kufika hapo, watu wakiendelea kukatwa.

Mchangiaji wa 6

Naona wote mnakubaliana kwamba kaunsili ijenge zaidi. Mimi nimekulia kwenye nyumba ya kaunsili na nasema hapana. Ukungu ukutani, nyeusi kama masizi. Tunapiga simu, wanakuja kupaka rangi juu yake. Mdogo wangu anakohoa mwaka mzima. Lifti mbovu, bibi anapandishwa ghorofa ya nane mgongoni. Mwaka 1968 jengo la kaunsili la Ronan Point, London, liliporomoka upande mmoja miezi michache tu baada ya watu kuhamia, gesi ililipuka jikoni. 2017 moto wa Grenfell Tower, jengo jingine la kaunsili London, watu 72 wameteketea, na wapangaji walikuwa wameandika wakionya kuhusu usalama wa jengo lile. Mwenye nyumba wa umma akikupuuza unamshitaki kwa nani? Mtu binafsi angalau unahama.

Mleta uzi

Hili ndilo pigo zito kuliko yote kwenye uzi huu, na silijibu harakaharaka.

Ni kweli. Na nina aibu kidogo kwamba sikulianza mimi. Nimetafsiri malalamiko ya ukungu mara nyingi kuliko nilivyotafsiri kitu kingine chochote, na nimesikia jibu lilelile: fungua madirisha, punguza kupika. Mama anasimama na picha za ukuta kwenye simu, anaambiwa ni namna anavyoishi. Nalitafsiri jibu hilo neno kwa neno, kazi yangu hainiruhusu kulilainisha, na nikimwangalia usoni naona anavyodhani ni mimi ninayemwambia.

Mwaka 2020 mjini Rochdale mtoto wa miaka miwili alifariki baada ya kuvuta hewa ya ukungu ndani ya flati ya shirika la nyumba. Wazazi walikuwa wamelalamika. Kutokana na kifo hicho, sheria ya nyumba za kijamii ya 2023 iliweka msingi wa masharti yaliyoanza kutumika Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu na ukungu wenye madhara uchunguzwe na kurekebishwa ndani ya muda uliowekwa. Limechelewa mno, ila sasa mpangaji ana tarehe ya kushika mkononi.

Ninapotofautiana nawe ni hapo kwenye "unahama". Unahama kwenda wapi, kwa amana gani, na mwenye nyumba mpya akisikia unategemea benefiti? Kupuuzwa kunaanza pale mtu asipokuwa na pengine pa kwenda, awe kwa kaunsili au kwa mtu binafsi. Palipokuwa na theluthi ya nchi ndani ya nyumba hizi, mwanasiasa aliwaogopa wapangaji. Walipobaki kaya 17 kati ya 100, na wengi wao ndio wenye shida kubwa zaidi kwa sababu ndio pekee wanaopewa kipaumbele, sauti ikapungua. Ule mtaa wa Bevan, daktari na kibarua, ulikuwa pia na faida hii: daktari akilalamikia lifti, lifti inatengenezwa.

Mchangiaji wa 7

Hapo umenikumbusha Vienna. Nimeishi kule miaka miwili. Mji unamiliki flati takriban 220,000, na ukiongeza za vyama vya nyumba, karibu nusu ya wakazi wanaishi kwenye nyumba zenye mkono wa umma. Walianza miaka ya 1920, 1923 wakaweka kodi ya nyumba iliyowabana zaidi wenye majumba ya kifahari, wakajenga majengo kama Karl-Marx-Hof, refu zaidi ya kilomita moja. Na hawakuyauza. Ukomo wa kipato cha kuingia uko juu, kwa hiyo unamkuta mwalimu, muuguzi, hata mwanasheria anayeanza kazi. Ukiuliza mtu anakaa wapi, anakutajia jengo la mji bila kushusha sauti.

Mleta uzi

Shukrani mkuu. Sisemi Uingereza inakili, ardhi na madeni ni tofauti. Ila hapa serikali iliyopo ilitangaza 2025 pauni bilioni 39 kwa miaka kumi kwa ajili ya nyumba za kijamii na za bei nafuu, na imesema angalau asilimia 60 ziwe za pango la kijamii. Hilo neno la mwisho tulishikilie. Tangu 2011 kuna nyumba zinazoitwa za pango nafuu ambazo pango lake linaweza kufika asilimia 80 ya bei ya soko. Pango la kijamii, mahali pengi, ni karibu nusu ya bei ya soko au chini yake. Mkiona tangazo la ujenzi mtaani kwenu, ulizeni ni lipi kati ya hayo mawili. Nimeona watu wakishangilia jengo ambalo wasingeweza kulipanga bila kurudi kulekule kuomba posho.

Mchangiaji wa 8

Samahani natoka nje ya mada kidogo. Mwenye nyumba ameniandikia niondoke, anataka kuuza. Nina watoto. Rafiki yangu anasema niondoke haraka niende kaunsili nikiwa sina mahali, ndiyo watanisaidia. Nifanyeje?

Mleta uzi

Dada, hujatoka nje ya mada hata kidogo. Usiondoke.

Barua ya mwenye nyumba si amri ya mahakama. Hawezi kukutoa wala kubadilisha kitasa mpaka mahakama iamue na dalali wa mahakama aje. Ukiondoka mwenyewe mapema, kaunsili inaweza kusema umejikosesha makazi kwa makusudi, na hapo wajibu wao kwako unapungua sana. Huyo rafiki yako anakutakia mema lakini ushauri wake ni wa hatari.

Angalia tarehe na aina ya ilani. Sheria ya wapangaji iliyopitishwa Oktoba 2025 inafuta kwa England zile ilani zisizotoa sababu, kuanzia Mei 2026. Kutaka kuuza bado ni sababu inayokubalika, ila ina masharti na muda wake, na ilani nyingi nilizowahi kuona zilikuwa na kasoro za kisheria. Mpelekee mshauri wa nyumba aisome kabla hujajibu chochote.

Kisha nenda kaunsili sasa hivi, usisubiri. Tangu Aprili 2018 England, mtu anayekabiliwa na kukosa makazi ndani ya siku 56 wanatakiwa wamsaidie kuzuia hilo, na wakupe mpango kwa maandishi. Ukiambiwa kaunta "rudi siku ya kutolewa", omba jibu hilo kwa maandishi, na jina la aliyekujibu. Endelea kulipa pango, tunza risiti zote. Omba mkalimani, usitumie mtoto wako kutafsiri.

Na kama uko tayari, nitumie ujumbe wa faragha ueleze uko eneo gani. Kaya zaidi ya 100,000 ziko kwenye makazi ya muda England hivi sasa, baadhi chumba kimoja mama na watoto watatu. Sitaki wewe uongeze namba hiyo kwa sababu tu hakuna aliyekusomea barua vizuri.